Gemu la kinyume nililomtengenezea mke wangu baada ya kiharusi kumnyang'anya maneno

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi. Naingia, nasoma, nacheka, natoka. Kuandika siyo fani yangu, hapa nyumbani fani hiyo ina mwenyewe na mtamjua hapo chini.

Kilichonifanya nifungue uzi ni yule mdau aliyeuliza juzi kama mtu mzima mwenye kazi na familia anapoteza muda akikaa kwenye laptop kucheza na kutengeneza magemu. Wengi mlimshambulia. Nikaanza kumjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona nilete huku.

Ninayosimulia yametokea nyumbani kwangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Mke wangu ameupitia uzi wote kabla sijaupost, na kuna sehemu amezifuta akisema nimetia chumvi. Kwa hiyo mkiona kuna mahali pamekatika ghafla, kalamu nyekundu ilipita.

Twende.

Mimi ni Mrangi, kwetu Kondoa. Mtwara nililetwa na kazi, niko ofisi moja ya mizigo kule bandarini, nashinda mbele ya kompyuta kutwa nzima. Ukiniuliza kwa nini nikirudi nyumbani nawasha kompyuta nyingine, sina jibu la maana. Napenda tu. Wenzangu jioni wana bao na kahawa, mimi nina laptop yangu iliyopasuka kona na vigemu vyangu vya ajabu ajabu. Code nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video za mtandaoni. Watu wa IT humu mkiiona mtalia.

Mke wangu tumwite Zuhura. Ni mtoto wa Madimba, Mmakonde wa damu, mwalimu wa Kiswahili sekondari hapa mjini. Tuna binti mmoja, Salma, yuko bweni Masasi.

Zuhura ni mtu wa maneno. Sijui niwaelezeje. Kuna watu wanaongea sana, yeye siyo huyo. Yeye anayachezea maneno kama wengine wanavyochezea mpira. Unamwambia kitu cha kawaida, anakigeuza kidogo tu, sebule nzima inacheka na wewe ndiyo unakuja kuelewa umeshafika chumbani.

Na alikuwa na hadithi yake. Aliiita Harufu ya Korosho, ya kipelelezi, akiitoa sehemu kwa sehemu kwenye group moja la wasomaji. Mpelelezi wake ni mjane anayeitwa Bi Mwanahawa, anakaanga korosho stendi, watu wanapita wanaongea siri zao wakidhani yule mama hasikii. Kumbe anasikia kila kitu. Nimeshuhudia karani mwenzangu ofisini anaisoma chini ya meza bila kujua mwandishi ni mke wangu. Sikumwambia. Nilijisikia raha tu peke yangu.

Kitu kingine mnachotakiwa kukijua mapema ni kinyume.

Waliokulia Pwani na huku Kusini wanakijua. Unachukua silabi ya mwisho ya neno unaileta mbele. Chai inakuwa icha. Samaki anakuwa kisama. "Twende sokoni" inakuwa "ndetwe nisoko." Zuhura na mdogo wake Somoe wamekua na lugha hiyo, walikuwa wanaitumia kumsengenya shangazi yao akiwa amekaa hapo hapo. Mimi nilipooa niliwakuta wanaiongea kwa spidi ambayo hata ukirekodi huambulii kitu. Mimi nilipewa jina, memu nguwa. Mume wangu.

Basi, ikafika Jumamosi moja mchana.

Zuhura alikuwa jikoni anamenya mihogo. Mimi niko sebuleni. Nikamsikia anaongea, nikajua anaongea na simu. Halafu nikasikia maneno hayaeleweki. Nikadhani kinyume, anaongea na Somoe. Nikaendelea na mambo yangu kidogo.

Kisu kikaanguka.

Nilipoingia alikuwa amesimama ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unaning'inia, mdomo umeenda upande. Ananitazama kabisa, macho yake ni ya mtu mwenye akili zake zote, na ananiambia kitu, anakirudia, na hakuna neno hata moja ndani yake.

Jirani alikimbia akaleta bajaji hadi mlangoni. Njia nzima nilikuwa namwambia nyamaza mke wangu, pumzika. Baadaye aliniambia ile ndiyo safari ambayo hakutaka kabisa kuambiwa anyamaze.

Kiharusi. Presha ilikuwa juu na hatukuwa tunajua. Hajafika hata miaka arobaini.

Namshukuru Mungu mguu ulirudi mapema. Alianza kutembea akiburuza kidogo, mkono ukawa unachelewa, lakini matumaini yalikuwepo. Kilichokuwa hakirudi ni maneno.

Wakuu, naomba niwaelezee hali hiyo maana mimi nilikuwa siijui. Alikuwa anaelewa kila kitu. Ukimwambia kesho Somoe anakuja, anatabasamu. Ukikosea jambo anakunja uso. Lakini akitaka kikombe, neno kikombe halipo. Anakitazama, anafungua mdomo, linatoka "ndiyo." Ndiyo ikawa neno la kila kitu. Akitaka maji, ndiyo. Akikataa, ndiyo, huku anatikisa kichwa.

Na cha kushangaza, siku moja asubuhi nikamsikia anasoma Alhamdu kwenye sala. Yote. Bila kukwama. Nilikaa chini nikalia. Nikajua amepona. Alipomaliza nikamuuliza unataka uji au chai, akaniangalia, akasema "ndiyo."

Pale hospitali kuna dada wa mazoezi ya viungo, tumwite Happiness. Ndiye aliyetukalisha akatueleza. Alisema vitu tulivyovikariri tangu utoto, kama dua na nyimbo na kuhesabu, mara nyingi vinabaki, vimekaa sehemu yake. Akasema maneno mengine nayo hayajapotea, ila njia ya kuyafikia ndiyo imeharibika, na njia inatengenezwa kwa kupita kila siku. Mtaalamu wa kuongea tulimpata Dar, tukawa tunaongea naye kwa video mara moja moja, anatupa mazoezi. Mengine yote yalikuwa juu yetu.

Happiness akaniuliza, mwalimu anapenda nini?

Nikamwambia maneno.

Akacheka, halafu akaona mimi sicheki.

Kipindi kile kilikuwa kigumu kwa namna ambayo watu wa nje hawaioni. Wageni wakija wanamwongelesha kwa sauti kubwa kama kiziwi. Wengine wanamruka, wananiuliza mimi mbele yake, "Anakula?" Anafungua mdomo kutafuta neno, kabla hajalipata mtu ameshamalizia, na kamalizia vibaya. Nilikuwa naona anavyofunga mdomo. Ikafika mahali wageni wakija anaingia chumbani.

Mkuu wake wa shule alikuwa mtu mwema, alimpa likizo ya ugonjwa. Ila swali lilikuwepo hata kama hakuna anayelisema. Mwalimu wa Kiswahili asiye na maneno anafundisha nini?

Kule kwenye group wasomaji wanauliza Bi Mwanahawa yuko wapi. Sehemu ya mwisho Zuhura alimwacha amefungiwa ndani ya ghala la korosho. Sikuwajibu.

Sasa ndiyo nikasema, mimi si najifanya mtu wa kompyuta? Nikatengeneza gemu.

La kwanza lilikuwa la aibu, nawaambia ukweli. Picha ya ng'ombe, picha ya kikombe, picha ya jua. Unataja jina, unabonyeza, nyota zinaruka na makofi yanapigwa, sauti inasema "Hongera sana." Nilitumia jioni nyingi kwenye yale makofi. Nilijiona nimeokoa jahazi.

Nikamwekea Zuhura mezani. Akabonyeza ng'ombe. Nyota zikaruka. Akabonyeza kikombe. Makofi. Akanitazama, akaitazama skrini, akaifunga laptop kwa mkono wa kushoto. Akatafuta neno kwa muda, mimi nikatamani kumsaidia, nikajizuia.

"Mtoto nani?" akasema.

Maneno mawili, na yalikuwa sahihi kabisa. Gemu likaishia hapo.

Baada ya hapo akaja Somoe. Alikuwa anakuja mara kwa mara toka Madimba kusaidia, ila siku hiyo alikuja kukaa. Somoe ana tabia moja, hajui kumhurumia mtu. Watu wote tulikuwa tunaongea na Zuhura taratibu kama tunasoma taarifa ya habari, yeye akaingia na kelele zake zile zile, akatupa mkoba kwenye kochi, akaanza kinyume kama vile hakuna kilichotokea.

Akamwambia dadake kwamba hata ukiigeuza dada inabaki dada, kwa hiyo asijifanye amebadilika. Zuhura akacheka. Kicheko chake kile, nilikuwa sijakisikia tangu ile Jumamosi.

Somoe akamimina chai, akauliza, "Icha hii, nikutilie nini?"

Zuhura akanyoosha kidole kwenye kopo. Somoe akajifanya hajaona. Akaendelea kushika kijiko hewani. Mimi nikataka kusema, Somoe akanikata jicho.

"Ri," Zuhura akasema. Akakwama. "Risu... ka."

Risuka. Sukari.

Neno ambalo tulikuwa tumelifanyia mazoezi kwa majuma bila mafanikio, limetoka kinyumenyume. Somoe akaweka kijiko cha kwanza, akamwambia sasa ligeuze mwenyewe, mimi siyo mtumishi wako. Na Zuhura akaanza kulipanga kwa vidole vya mkono wa kushoto juu ya meza, kama anasogeza vitu, su, ka, ri. Akalisema. Chai ilipoa tumekaa tunamwangalia.

Nitoe angalizo hapa. Mimi siyo daktari. Nilipomsimulia Happiness alifurahi lakini akaniambia nisiende kutangaza kinyume ni dawa ya kiharusi. Kila mgonjwa na njia yake. Yeye alisema inawezekana ule ulikuwa mchezo wa utotoni, umekaa ndani sana, halafu hakuna aliyekuwa anamtazama kwa huruma. Mimi nilichochukua ni silabi. Nikasema kumbe neno zima ni mzigo mzito, lakini vipande vyake anaweza kuvibeba.

Nikarudi kwenye laptop.

Gemu la pili halikuwa na ng'ombe wala makofi. Nilichukua hadithi yake mwenyewe. Ukifungua, wewe ni Bi Mwanahawa, uko ndani ya ghala pale pale alipokuacha mwandishi. Giza. Kuna mlango. Mlangoni kuna vipande vya silabi vimevurugwa, unavigusa kwa kidole kuvipanga, halafu lazima ulitamke neno kwa sauti ndipo unasonga mbele. Hakuna wa kukupigia makofi. Ukilipata, mlango unafunguka, unaingia chumba kingine. Basi.

Michoro ilikuwa mibaya. Bi Mwanahawa alifanana na debe lililovaa kanga.

Zuhura akakaa. Akapanga "gunia," akalisema kwa shida. Mlango ukafunguka. Akapanga "ghala." Akaja kwenye "mlinzi," akakwama. Nikaona anakunja uso, nikafikiri amechoka. Kumbe siyo. Akaniita kwa mkono, akanionyesha skrini. Mimi nilikuwa nimeligawa neno hivi, mlin na zi.

Akatikisa kichwa kama anavyowatikisia wanafunzi.

"M," akasema. Akaweka kidole. "Li." Akaweka kingine. "Nzi."

Nikamwambia mbona naona sawa tu. Akarudia, "Nzi," halafu akafukuza nzi wa kufikirika usoni kwangu, akaanza kucheka mwenyewe.

Wakuu, pale ndipo nilipojua mke wangu yumo. Alikuwa ametania, na utani wenyewe ulikuwa wa silabi.

Kuanzia hapo gemu likawa lake. Mimi nikawa fundi tu. Kila nikitoka kazini namkuta ana makosa yangu kayakusanya. Umegawa vibaya "mgonjwa." Hapa neno ni rahisi mno. Hapa Bi Mwanahawa hawezi kusema hivi. Hakuyasema kwa sentensi hizo, alikuwa anasema "njwa, moja!" na kunionyesha kidole kimoja, maana yake njwa ni silabi moja, usiikate. Nikikaidi ananipiga kofi la bega kwa mkono ule wa kulia, na mimi nafurahi kwa sababu mkono umenyanyuka.

Umeme ukikatika Somoe anaandika silabi kwenye vipande vya boksi, mchezo unaendelea sakafuni.

Maneno yakaanza kurudi. Polepole, na siyo yote. Majina ya watu yalikuwa magumu kuliko vitu. Mimi mwenyewe kuna siku nilikuwa Bakari, na hatuna Bakari yeyote.

Kama ingekuwa filamu tungeishia hapo, lakini kuna sehemu mbaya imebaki.

Alipoona anaweza sentensi fupi akataka kurudi darasani. Daktari akasema asubiri, mimi nikasema asubiri, Somoe akasema asubiri. Akaenda. Mkuu wa shule akamruhusu ajaribu kipindi kimoja cha kidato cha pili, mwalimu mwingine akiwa pembeni.

Aliingia, wanafunzi wakasimama, wakamsalimia, akaitikia vizuri kabisa. Akataka kuwaambia wafungue vitabu.

"Fungueni viatu," akasema.

Akajua amekosea. Akarudia. Viatu. Akarudia tena, na kadiri alivyolifukuza ndivyo lilivyong'ang'ania. Kuna mwanafunzi akainama kutazama viatu vyake kweli, mwingine nyuma akacheka, kisha darasa zima. Yule mwalimu mwenzake aliniambia walikuwa hawamcheki yeye, wamecheka kama watoto wanavyocheka neno likikosewa, na wenyewe walizoea mwalimu huyu ndiye anayewachekesha kwa maneno. Naamini. Lakini Zuhura alichukua mkoba wake akatoka, akatembea kwa mguu hadi nyumbani na ule mguu wake.

Akaacha kila kitu. Gemu hataki, mazoezi hataki, hospitali anaenda kwa kulazimishwa. Nikiwasha laptop anahama chumba. Somoe alijaribu kinyume, akamjibu kwa kumgeuzia mgongo. Nilimpigia Happiness, akasema hali hiyo hutokea, tusimsukume lakini tusimwache peke yake. Tukawa tunakaa naye tu. Majuma yakapita.

Sasa sikilizeni kilichomwamsha.

Nilikuwa nimekaa naye barazani alasiri moja, niko kwenye simu, nikaona kwenye lile group la wasomaji kuna zogo. Kuna mtu, hatumjui mpaka leo, kachoka kusubiri kaamua kuimalizia Harufu ya Korosho yeye mwenyewe. Na kammaliza kweli. Kaandika kwamba ghala liliungua moto, Bi Mwanahawa akafia humo ndani, mwisho. Watu wanalia kwa emoji, wengine wanampongeza mwandishi.

Nikafikiria kumficha. Halafu nikaona hapana, ni hadithi yake. Nikampa simu.

Akasoma. Sasa hivi anasoma polepole, kwa hiyo nilikuwa naona hasira inavyopanda mstari kwa mstari. Alipofika mwisho alisimama.

"Hajafa," akasema.

Nikamwambia najua.

"Hajafa huyu. Ametoka." Akatafuta. Nilimwona anatafuta, vidole vinapanga hewani. "Dirishani. Ametoka dirishani. Andika."

Nikaenda kuchukua laptop mbio.

Iliandikwa kwa muda mrefu ile sehemu. Yeye anasema, mimi napiga. Neno likikataa analipanga kwa silabi, au analitupa kinyume halafu analigeuza, au anachora, au tunaliacha wazi tunarudi kesho yake. Zamani sentensi zake zilikuwa ndefu, zina mikia. Hizi zilikuwa fupi. Bi Mwanahawa aliamka. Ghala lilikuwa na moshi. Alinusa. Siyo moto. Ni mtu anakaanga korosho nje. Hivyo hivyo, hadi akatokea dirishani akamkuta mwizi amekaa na kikaango.

Alivyopost aliongeza mstari mmoja juu, kwamba mwandishi alipata kiharusi, maneno yanakuja taratibu, naye Bi Mwanahawa yuko hai. Ule mstari aliuchapa mwenyewe kwa mkono wa kulia.

Majibu yaliyokuja siwezi kuyaeleza yote. Wengi walisema sehemu ile ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu ya zile sentensi fupi, zinabana pumzi. Wengine wakaandika habari za baba zao, mama zao, waliopooza na kukaa kimya miaka na nyumba nzima ikaamini hawana la kusema. Zuhura alizisoma zote. Kesho yake asubuhi akawasha laptop kabla yangu.

Sasa nije mahali ambapo mimi mwenyewe sikupategemea.

Happiness aliposikia yote haya akaniuliza kama lile gemu anaweza kujaribu mgonjwa mwingine. Ni dereva wa bajaji wa Mtawanya, tumwite bwana Mnali, kapigwa upande huo huo, na yeye maneno yamekwama. Nikaweka gemu kwenye simu, tukaenda na Zuhura wodini kwake.

Halikufanya kazi. Bwana Mnali aliitazama "ghala," akaitazama "mlinzi," akageukia dirisha. Mimi nikaanza kufikiria labda maandishi ni madogo.

Zuhura akamuuliza mke wa bwana Mnali nyumbani wanaongea nini. Mama akasema Kimakonde, Kiswahili ni cha barabarani na abiria.

Wakuu, mimi sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Tulikuwa tunamtafutia maneno yake kwenye lugha ambayo siyo ya nyumbani kwake.

Tuliporudi nyumbani Zuhura akanikalisha kwenye laptop. Ghala akalitoa. Akaweka bajaji, inatoka stendi, inapita sokoni, inaenda hadi nyumbani kwa bwana Mnali, na njiani kuna vitu vya Kimakonde, vile vya kwanza kabisa, maji, moto, ugali, nyumba. Mimi Kimakonde sijui kitu, nilikuwa napiga tu ninachoambiwa. Alipokuwa hana uhakika anampigia Somoe wanabishana.

Tukaenda tena. Safari hii mimi nilikaa pembeni. Zuhura alivuta kiti akakaa upande wa kushoto wa bwana Mnali, upande wa mkono unaofanya kazi. Bajaji ikatoka stendi. Nikaona yule baba ananyanyuka kidogo kwenye mto, anaiangalia njia.

Ikafika kwenye picha ya maji. Me, na di, vimetenganishwa. Akavisogeza vikakaa. Akafungua mdomo.

Mkewe akavuta pumzi kulitamka. Zuhura akamnyooshea mkono.

"Mama, mwache. Analo."

Tukakaa. Feni inazunguka. Nesi alipita, akasimama mlangoni naye. Ulikuwa ukimya mrefu, nilitamani kukohoa ili uishe.

"Me," bwana Mnali akasema. "Medi."

Medi ndiyo maji kwa Kimakonde. Yeye alikuwa anajibu gemu tu. Lakini mkewe alishasimama, ameshamimina kikombe, ameshamletea. Naye akakipokea akanywa yote, mkewe amesimama pale analia na jagi mkononi.

Hali ilivyo sasa hivi. Zuhura amerudi shuleni, lakini siyo kama zamani. Anasimamia maktaba na ana kikundi kidogo cha wanafunzi wanaoandika hadithi. Kabla hajaanza aliwaeleza yeye mwenyewe kwamba maneno yake mengine yatachelewa na mengine yatakuja yamevaa nguo za wenzake. Bado simu huwa anaiita sahani. Akichoka, sentensi zinavunjika. Daktari amesema mengine huenda yasirudi kabisa, tumekubali. Mara moja kwa juma anaenda hospitali kukaa na wagonjwa, na sasa kuna neno la Kimakua na la Kiyao ndani ya gemu, siyo kwa akili yangu, ni yeye anawauliza ndugu zao.

Bwana Mnali hajarudi barabarani. Ila nasikia anagombana na mkewe tena, na mkewe anashukuru.

Kwa yule mdau aliyeuliza kuhusu kupoteza muda, jibu langu ni kwamba mimi sijui. Jioni zangu nyingi kweli nilizipoteza. Ila nilipohitaji kutengeneza kitu kwa ajili ya mtu mmoja, mikono ilikuwa inajua pa kuanzia, na hiyo ilitoka kwenye zile jioni. Wewe tengeneza tu, ndugu yangu.

Kwa wenye magemu, waandishi na walimu humu, kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani usianze na ng'ombe na makofi. Ulizia alikuwa anapenda nini, na alizaliwa ndani ya lugha gani. Hospitali usiache.

Nilitaka kumalizia na funzo, nikamuuliza Zuhura niandike nini. Alikuwa anakunja nguo. Akafikiri, vidole vikapanga panga.

"Waambie wangoje," akasema.

Nikamuuliza wangoje nini.

"Mtu akitafuta neno. Wasimpe. Wangoje."

Karibuni kwa maoni, maswali, na uzoefu wenu. Mwenye mchezo wa maneno wa kwao, kinyume cha kwao, au maneno ya kwanza ya lugha ya nyumbani kwao, atuwekee hapa.

Comment atazisoma yeye na kujibu atajibu yeye. Ikichukua muda, msidhani amewapuuza. Yuko njiani anakuja na neno.